Maneno 1,296: shajara ya kumtengenezea Mama ufunguo wake

Jumamosi, 5 Julai 2025. Muheza

Nimefika jana usiku kwa mapumziko ya Saba Saba. Asubuhi hii, kabla hata chai haijamiminwa, Mama ameniwekea mezani kaunta buku lake la bluu. "Mwanangu, humu ndimo nilimo mimi mzima," akasema, akarudi jikoni.

Nimelisoma kurasa zote. Akaunti 11: barua pepe, benki, mafao ya kustaafu, kikundi cha walimu wastaafu, akaunti mbili alizofunguliwa kwa ajili ya kuangalia matokeo ya wajukuu, na nyingine ambazo hata yeye hakumbuki ni za nini. Nywila ni tatu tu, zinazunguka humo ndani kama maji kwenye mtaro. Iliyotumika zaidi ni jina la mjukuu na mwaka aliozaliwa.

Lililotuleta hapa ni la mwezi wa tano. Alikwenda steshenari moja mjini kuchapisha fomu. Kijana wa dukani ndiye aliyemfungulia barua pepe miaka mitatu iliyopita, ndiye aliyebuni nywila, na ndiye aliyeiandika kwenye daftari la duka, ukurasa mmoja na nywila za wateja wengine, ili Mama akisahau amkumbushe. Alifanya kwa nia njema, na nusu ya wilaya inafanyiwa hivyohivyo. Lakini daftari linakaa juu ya meza na kila mtu anapita. Mwezi wa sita mtu akaingia kwenye barua pepe ya Mama na kubadilisha namba ya kurejeshea akaunti. Tulihangaika siku nne kuirudisha. Nywila ileile ilikuwa inafungua akaunti nyingine tatu.

Kwa hiyo mradi wenyewe ni huu: Mama awe na kasha lake la nywila, yaani programu inayotunza nywila zote ndani ya faili moja lililofungwa, alifungue mwenyewe, bila mimi na bila kijana wa steshenari. Nimechagua KeePassXC kwenye kompyuta na KeePassDX kwenye simu yake. Zote zinasoma faili la aina moja, lile la ukoo wa KeePass ambayo Dominik Reichl aliitoa mwaka 2003. Ni bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua, na faili linakaa mikononi mwako, si kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Mama hununua kifurushi cha intaneti pale anapokihitaji, kwa hiyo kasha linalofunguka bila mtandao linamfaa kuliko lolote.

Programu ni kazi ya saa moja. Kinachonitia wasiwasi ni ufunguo mkuu, ile nywila moja inayofungua zote. Mwaka 2022 wezi waliingia kwenye mifumo ya LastPass, kampuni inayowatunzia watu makasha ya nywila mtandaoni, wakaondoka na nakala za makasha ya wateja. Mwizi mwenye nakala mkononi haishiwi majaribio. Hakuna wa kumfungia akikosea mara tatu. Anajaribu usiku kucha, mwaka mzima akitaka. Kasha likiibwa, kinachobaki kumlinda Mama ni ufunguo mkuu peke yake.

Jumatatu, 7 Julai. Muheza

Tumekaa barazani na machungwa, msimu wenyewe umekolea, tukapitisha zile nywila tatu kwenye Pwned Passwords, hazina ya nywila zilizokwisha kuvuja, iliyoanzishwa na mtaalamu wa usalama wa mtandao Troy Hunt. Nilimweleza kwanza kwamba hatutumi nywila yenyewe. Kompyuta inaigeuza kuwa mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, inatuma tano za mwanzo tu, inaletewa orodha ya yote yanayoanza na hizo tano, kisha inalinganisha hapahapa nyumbani. Aliielewa haraka: "Kama kuuliza mtaani nyumba ya mtu bila kutaja jina lake."

Mbili kati ya tatu zimo. Ya jina la mjukuu imo mara nyingi.

"Sasa hao wananijua mimi?"

Hawamjui, na hapo ndipo penyewe. Nilimsimulia habari ya RockYou: mwaka 2009 nywila zipatazo milioni 32 zilichukuliwa kutoka kwenye kampuni hiyo zikiwa zimehifadhiwa wazi, bila kufumbwa, na iliyoongoza kwa kutumiwa ilikuwa 123456. Tangu hapo anayetaka kukisia nywila hakai akiwaza Mama fulani wa Muheza anampenda mjukuu gani. Anaiachia kompyuta orodha ya yale ambayo binadamu wameshawahi kuyachagua, na binadamu huchagua yaleyale: majina ya watoto, miaka, timu, aya za dini. Mtu akiwaza nywila mwenyewe anadhani amekwenda porini, kumbe yuko kwenye njia iliyopitwa na kila mtu.

Kwa hiyo ufunguo wa Mama lazima utokane na bahati, si kichwani mwake wala mwangu.

Jumamosi, 12 Julai. Dar es Salaam

Njia ya bahati ipo tangu 1995: Diceware ya Arnold Reinhold. Una orodha ya maneno 7,776. Unarusha dadu mara tano, unapata namba kama 35241, unaangalia neno la namba hiyo. Unarudia mpaka upate maneno sita au saba. Mwaka 2016 EFF, shirika la Marekani linalotetea haki za watu mtandaoni, likatoa orodha zake mpya, mojawapo fupi ya maneno 1,296, ambayo inataka dadu mara nne tu kwa kila neno, maana 6 × 6 × 6 × 6 ni 1,296.

Nilimtumia mdogo wangu wa Arusha maneno sita kutoka ile ya Kiingereza ajaribu. Amesoma chuo, Kiingereza anakijua, na baada ya siku mbili alikuwa amesahau matatu. Mama aliyefundisha Kiswahili darasa la nne maisha yake yote nitampaje neno la kigeni alishike kila asubuhi? Ataliandika kwenye kaunta buku na tutakuwa tumerudi pale pale. Ufunguo utoke kwa bahati, ndiyo, lakini maneno yawe ya mdomo wake.

Nimeamua kutengeneza orodha ya Kiswahili. Si kuitafsiri ya Kiingereza. Kuikusanya upya, neno kwa neno, mpaka yatimie 1,296.

Hesabu niliyoifanya ili nijiridhishe: maneno sita kutoka orodha hiyo yanatoa uwezekano wa namba yenye tarakimu 19, ikianza na 4. Mwizi anayejaribu mara milioni moja kila sekunde angehitaji miaka kama 150,000 kuyamaliza yote, na kwa wastani nusu yake. Na kupata majaribio milioni moja kwa sekunde dhidi ya kasha la aina hii si kitu chepesi, kwa sababu faili linalindwa na Argon2, mbinu iliyoshinda mashindano ya kimataifa ya 2015 ya kuchakata nywila. Inailazimisha kompyuta itumie muda na kumbukumbu nyingi kwa kila kisio moja. Maneno sita yanatosha.

Jumapili, 13 Julai

Maneno 640 kwa siku moja. Nilianza jikoni (kinu, mwiko, chungu, kawa, mbuzi, upawa), nikatoka uani, nikaenda shambani, sokoni, pwani, angani. Yalikuja yenyewe. Nadhani wiki ijayo nitamaliza.

Jumamosi, 19 Julai

Sijamaliza. Nimerudi nyuma hadi 410, na nimefurahi kurudi, kwa sababu wiki hii nimeiona lugha yangu kwa jicho ambalo sikuwahi kuitazamia.

Niliwapa maneno sita sita watu watatu wa ofisini na nikawauliza baada ya siku tano. Mmoja alikuwa na neno "tembo" kwenye orodha yake. Akaniandikia "ndovu". Hakusahau chochote, mnyama alimshika vizuri kabisa. Kichwa kinatunza kitu, hakitunzi neno, lakini kasha linataka neno. Basi kila kitu kiwe na neno moja tu kwenye orodha, na liwe lile linalotangulia mdomoni. Imebaki tembo, ndovu imetoka. Imebaki glasi, bilauri imetoka, ingawa bilauri ni neno ninalolipenda. Nyanya imebaki na tungule imetoka, nikijua wa Unguja atanung'unika.

Wa pili alipewa "kiti" akaandika "viti". Wingi wote umefutwa: hakuna miti, hakuna visu, hakuna macho. Umoja tu.

Wa tatu aliandika "samani" alipopewa "thamani". Yote mawili ni maneno halali, na kwa wengi wetu mdomo hauyatenganishi. Hapo nikaanza kufyeka. Maneno ambayo th na s, dh na z, gh na g hugongana yametoka: dhahabu, ghala, thumni. Kisha l na r. Kura na kula, mahali na mahari: yeyote aliyekulia kati ya watu wanaobadilishana herufi hizo anajua maumivu ya kuandika ulivyosema na kuambiwa umekosea. Sikuweza kufuta kila neno lenye r, orodha ingekufa. Nimefuta yale ambayo yakibadilishwa herufi yanakuwa neno jingine, na yale ambayo mimi mwenyewe nilisita. Yametoka pia yenye tahajia mbili mtaani: redio na radio, baiskeli na baisikeli.

Halafu ng'ombe.

Kuna simu zinazoweka kibainishi kilichonyooka na nyingine zinaweka kilichopinda. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa kasha ni alama mbili tofauti, na alama moja tu ikitofautiana halifunguki. Nimejaribu mwenyewe: niliandika "ng'ombe" kwenye kompyuta, nikaja kuiandika kwenye simu, kasha likanikatalia. Mtu angeweza kupoteza kila alichonacho kwa sababu ya kijimstari juu ya neno ambalo mtoto wa miaka miwili analijua. Nimelifuta. Nilipomwambia Mama kwa simu alinyamaza, kisha akasema, "Orodha ya Kiswahili haina ng'ombe?" Haina. Imebidi. Ina ndama na fahali.

Lililonichukua muda mrefu kuliko yote ni barabara. Orodha ilikuwa na "bara" na ilikuwa na "barabara". Mtu akipata bara mara mbili mfululizo, na akiandika bila nafasi, anapata barabara: maneno mawili yamekuwa moja, na ufunguo umepungua bila yeye kujua. Ukiweka nafasi kati ya maneno tatizo la hesabu linaondoka, lakini linakuja la mwandiko, maana watu wengi huandika "bara bara" na "sawa sawa" na "pole pole" vyovyote mkono unavyotaka. Lugha yetu inapenda kurudia neno ili kulipa nguvu, na kila neno la kurudiwa ni shimo kwenye orodha yangu. Nimetoa yote: barabara, majimaji, polepole, sawasawa. Kuku na papa nimewaacha, kwa kuwa "ku" na "pa" peke yake hazimo.

Nilijaribu pia kuiga jambo zuri la orodha nyingine fupi ya EFF, ambayo herufi tatu za mwanzo za kila neno hazifanani na za neno lingine, ili mtu aandike tatu tu. Kwa Kiswahili niliishia kwenye kiti. Kitanda, kitabu, kitunguu, kitambaa, kitana, vyote vinagombea mlango mmoja. Tutaandika neno zima.

Nimeondoa na jeneza, kaburi, maiti, kilio. Sababu hizi si za hesabu. Mama ataandika maneno haya kila anapofungua kasha, pengine miaka ishirini Mungu akipenda, na sitaki lolote kati yao limkute asubuhi likiwa baya.

Yaliyobaki yananipendeza. Kaa wa pwani na kaa la moto wanaandikwa sawa, paa wa porini na paa la nyumba vilevile, mbuzi wa zizini na mbuzi ya kukunia nazi. Kwenye orodha kila moja linahesabiwa mara moja, na anayelipata anajichagulia picha inayomkaa kichwani.

Jumamosi, 26 Julai

1,296. Nimehesabu mara tatu, na kompyuta imehesabu na kuhakikisha hakuna lililojirudia.

Mpangilio umekuja vizuri kuliko nilivyotegemea. Kurasa sita, kila ukurasa maneno 216, safu sita kwenye kila ukurasa, maneno 36 kwenye kila safu, na kila safu imekatwa mafungu sita ya maneno sita. Namba ya kwanza inakupeleka kwenye ukurasa, ya pili kwenye safu, ya tatu kwenye fungu, ya nne kwenye neno. Hakuna haja ya kutafuta 4263 kwenye msitu wa namba. Unatembea nayo kama anayeelekezwa nyumba.

Mdogo wangu amepiga simu jioni na swali zuri: kama orodha hii nitampa kila anayeitaka, si nimewapa wezi kazi rahisi? Hapana. Ile hesabu ya miaka 150,000 tayari inamhesabia mwizi kwamba anayo orodha mkononi na anajua ni maneno sita. Auguste Kerckhoffs, mtaalamu wa maandishi ya siri, aliliandika tangu 1883: mfumo unatakiwa ubaki salama hata adui akiujua wote, mradi hajui ufunguo. Siri ni bahati iliyokuangukia wewe siku ile, mezani pako.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane, Muheza

Nilinunua dadu nne za ludo Kariakoo. Mama amezitazama, akazirudisha kwenye mfuko kwa ncha za vidole. Dadu ni kamari, na nyumbani kwake kamari haiingii, hata ikija imevaa nguo za kompyuta. Sikubishana naye. Nilikaa nikaangalia jinsi ya kufanya, na jibu likatoka kwake mwenyewe.

"Si upige kura tu, kama upatu?"

Kikundi chao cha upatu huanza kila mzunguko kwa vikaratasi kwenye kopo: kila mmoja anachomoa, na namba aliyoipata ndiyo zamu yake ya kupokea. Wanajua kukunja karatasi zifanane, kutikisa kopo, kuangalia pembeni wakati wa kuchomoa. Nimekutana na wahandisi wasiojua kulinda bahati kama kinamama hawa wanavyoilinda. Tukakata vikaratasi sita, 1 hadi 6, tukavitia kwenye kopo la maziwa.

Kuna tofauti moja tu na nilimweleza polepole. Kwenye upatu karatasi iliyochomolewa hairudi. Hapa lazima irudi kila mara, kopo litikiswe upya. Asiporudisha, namba haziwezi kujirudia ndani ya neno moja, na maneno yanayoweza kumtokea yanashuka kutoka 1,296 hadi 360. Ukizidisha kwa maneno sita, ufunguo unakuwa dhaifu zaidi ya mara 2,000. Nimeandika hilo kwa kalamu nyekundu juu ya ukurasa wa kwanza: RUDISHA KARATASI.

Akachomoa mara 24. Mimi nilitoka nje. Ufunguo ni wake, nami sitaki kuujua.

Baada ya dakika kumi akaniita mlangoni. Neno la tatu halimpendezi, je, achomoe jingine? Hapana, Mama. Je, abadilishe mpangilio wao ili yaongee vizuri? Hapana pia. Maneno sita yana mipangilio 720, na akichagua ule unaomfurahisha, bahati inatoka na mazoea yanarudi kuingia. Lililotoka limetoka. Alikubali kwa shingo upande, akafunga mlango.

Halafu nikamsikia. Alikuwa anasimulia, kwa sauti ya chini ya darasani, "Paukwa!" na kujijibu mwenyewe "Pakawa!" Mwalimu aliyefundisha miaka 34 hakuhitaji mbinu yangu ya kukumbuka. Anatunga hadithi inayopita kwenye maneno yote sita kwa mpangilio uleule. Kwa mfano wa kubuni, ambao si wake: kinu, mvua, bahasha, nanasi, shoka, kengele. Kinu kilinyeshewa na mvua, ndani mkaota bahasha, bahasha ikazaa nanasi, nanasi likakatwa kwa shoka, na shoka lilipogonga ikalia kengele. Mara tatu ukijisimulia, haitoki.

Chakula cha usiku aliniambia kwamba hadithi yake ina fisi. Sijui kama fisi ni neno au ni wa kupambia.

Jumamosi, 9 Agosti. Muheza

Siku ya kuhamisha. Tumeanza na barua pepe, kwa sababu ukisahau nywila ya akaunti nyingine yoyote, kiungo cha kuirejeshea hutumwa huko. Anayeishika barua pepe ameshika mlango wa nyumba nzima. Kisha benki, kisha mafao, kisha zilizobaki. Kila moja imepewa nywila ya herufi 20 iliyotengenezwa na programu yenyewe. Mama hazijui na hahitaji kuzijua. Akaunti nne ambazo hakuna aliyekumbuka zina kazi gani tumezifunga.

Makosa mawili, yote ni yangu.

Nilitoa nywila zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye kivinjari chake ili niziingize kwenye kasha kwa mkupuo. Kivinjari huzitoa kama faili la kawaida, maandishi wazi ambayo yeyote anaweza kuyasoma. Niliziingiza, nikaendelea na kazi, na baada ya saa mbili nikagundua faili bado limo kwenye folda ya vilivyopakuliwa, na folda hiyo hunakiliwa yenyewe kwenda mtandaoni. Nimelifuta kote kuwili na kwenye takataka zake, lakini kufuta hakunitoshi. Kila nywila iliyokuwemo nimeihesabu kuwa imevuja, na zote zimebadilishwa leo hii hii. Kwa idadi ndogo ya akaunti ni heri kuandika moja moja kwa mkono.

La pili: niliiambia KeePassXC iiongezee Argon2 kumbukumbu hadi GB 1, kwa tamaa ya ulinzi. Kompyuta ilifungua kasha kwa sekunde moja. Simu ya Mama ilijifunga. Nimeirudisha hadi MB 64, sasa simu inafungua kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, na ulinzi mkubwa unabaki kwenye yale maneno sita.

Namba ya siri ya pesa za simu haikuingia kwenye kasha. Ina tarakimu nne, uwezekano 10,000 tu, na usalama wake unatokana na kufungiwa baada ya makosa machache, si urefu. Ilikuwa mwaka aliozaliwa kifungua mimba wake, yaani mimi. Amechomoa nyingine kwenye kopo, safari hii kwa vikaratasi kumi, 0 hadi 9. Na ameniahidi kwamba simu haimpi wakala amsaidie kubonyeza.

Jumapili, 10 Agosti

Barua pepe sasa inataka na msimbo wa tarakimu sita unaobadilika kila sekunde 30, unaotoka kwenye programu ya simu. Hatukutumia ujumbe mfupi, kwa kuwa laini ikihamishwa na tapeli, ujumbe unamfuata yeye. Msimbo wa barua pepe nimeuweka nje ya kasha la nywila kwa makusudi, ili anayepata kasha asipate vyote. Misimbo ya dharura, ya kuingilia simu ikipotea, imechapishwa.

Nimepanda basi la saa nane.

Jumapili, 24 Agosti. Dar es Salaam

Mama ameuliza mwenyewe, kabla sijapata ujasiri wa kumwuliza: "Na nikiondoka duniani?"

Nilikuwa nimewaza njia ya Adi Shamir ya 1979, inayogawa siri vipande ili, tuseme, watoto wawili wowote kati ya watatu waweze kuifungua na mmoja peke yake asipate kitu. Ni hesabu nzuri sana. Lakini inahitaji kompyuta siku ya msiba, na siku ya msiba hakuna mwenye kichwa cha kompyuta.

Uamuzi wa Mama ni mwepesi na ninaukubali. Ameandika maneno sita kwenye karatasi moja, ameitia kwenye bahasha, ameifunga na kutia saini juu ya kifuniko, na bahasha iko kwa mdogo wake, Mama Mdogo wa Pongwe, sandukuni chini ya khanga. Mama Mdogo hajui inafungua nini na hana faili. Sisi watoto tuna nakala za faili kwenye flashi, tatu, na hatuna maneno. Saini ikionekana imevunjwa, Mama anapiga kura upya. Mara mbili kwa mwaka, kila tunapokwenda, nakala kwenye flashi zinabadilishwa.

Jumapili, 31 Agosti

Ripoti kutoka Muheza. Ijumaa Mama alikwenda steshenari ileile kuchapisha taarifa ya mafao. Kijana akavuta kibodi, akamwomba nywila kama siku zote. Mama akamwambia asubiri, akatoa simu, akafungua kasha lake, akaingia kwenye akaunti, akapakua waraka, akamtumia kijana waraka peke yake. Hakuandika ufunguo kwenye kompyuta ya duka, na hilo ndilo nililokuwa nimemsisitizia kuliko yote: kompyuta ya watu inaweza kuwa na programu inayorekodi kila kitufe, na hapo maneno sita au sitini ni sawa.

Kijana hakukasirika. Aliuliza ni programu gani.

Na kinamama wa upatu wameuliza pia. Wako saba wanaotaka orodha, wawili hawaoni vizuri. Nimeongeza ukubwa wa herufi. Kurasa sita zimekuwa kumi na mbili, kwa hiyo kila ukurasa wa zamani umegawanyika A na B na maelekezo ya kutembea na namba inabidi niyaandike upya. Mmoja wao ni mzaliwa wa Pemba na ameshakuta maneno tisa ambayo hayaiti hivyo. Nimempigia, tumeyapitia yote tisa, matano nimeyabadilisha na manne tumekubaliana yabaki. Wa pili ametaka kujua kwa nini hakuna ng'ombe.

Nitachapisha Jumamosi ijayo. Mama amesema nilete karatasi tu, makopo watakuja nayo wenyewe.